Kutoka Lamadi hadi Amaan: Beba jezi, usisahau miwani ya baharini

CURAÇAO wamekwenda Kombe la Dunia. Novemba 18, 2025 walitua Kingston, wakabana dakika zote 90, wakatoka 0-0 na Jamaica, na kisiwa chenye watu 156,000 hivi kikawa nchi ndogo zaidi kwa idadi ya watu kuwahi kukata tiketi ya fainali hizo. Mkoa wa Simiyu peke yake una watu zaidi ya milioni 2.

Kabla ya usiku ule, jina la Curaçao lilijulikana zaidi kwa watu wa miwani na mrija. Kisiwa hicho na jirani yake Bonaire ni miongoni mwa sehemu maarufu duniani za kupiga mbizi bila boti. Bonaire mtu anaegesha gari kando ya barabara, anatafuta jiwe lililopakwa rangi ya njano lenye jina la eneo, anavaa vifaa, anatembea mpaka majini na ndani ya dakika chache yuko juu ya matumbawe. Watalii wa Marekani na Uholanzi hupanga safari hiyo mwaka mzima.

Shabiki wa Lamadi hana haja ya kuvuka Atlantiki. Kisiwa chake kipo, kina uwanja wa kisasa, kina Kombe la Mapinduzi kila Januari, na matumbawe yake yako umbali wa kuonekana kutoka ufukweni. Tatizo ni kwamba wengi wanaokwenda Unguja kwa ajili ya mechi wanarudi wakiwa wameona vitu vitatu tu: boti, gesti na Uwanja wa New Amaan. Wamelipa nauli ya kwenda paradiso, wakaishia jukwaani.

Safari ya namna hii inahitaji mipango kama ya kikosi kinachokwenda ugenini. Ukikosea maandalizi unaweza kupoteza mkwanja wa msimu mzima. Ukikosea majini, unaweza kupoteza mtu.

KWANZA JUA UWANJA

Kosa la kwanza la mashabiki ni kukata tiketi kabla ya kujua mechi inapigwa wapi. Mifano ya karibuni ipo.

Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Walipoteza 2-0 ugenini, na mashabiki kutoka mikoani wakajipanga kwa ajili ya marudiano Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Mechi ikahamishiwa New Amaan, Zanzibar, ikachezwa Mei 25 na kumalizika 1-1, Berkane wakabeba kombe kwa jumla ya mabao 3-1. Shabiki aliyekuwa amepiga hesabu ya kuishia Dar ikabidi atafute nauli ya boti na pa kulala kisiwani.

Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lenyewe halikuchezwa Unguja. Lilipelekwa Uwanja wa Gombani, Pemba, likashirikisha timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Aliyekariri kwamba Mapinduzi ni Amaan tu alijikuta kisiwa kingine kabisa.

Kwa hiyo kanuni ni hii: changa mapema, lakini usilipie boti wala chumba mpaka ratiba ya mashindano itoke. Pemba siyo adhabu, tena kwa mtu wa miwani ni zawadi. Upande wake wa magharibi kuna kisiwa cha Misali, ambako matumbawe yako karibu na mchanga kiasi kwamba unaingia kwa miguu kutoka ufukweni, Bonaire ya Kiswahili. Ila Pemba inaongeza safari nyingine ya boti, na siku zake zihesabiwe.

PAMBA IKIUZWA, WEKA KANDO

Hesabu ya fedha ndiyo inayoua safari nyingi. Kwa mkulima wa Busega, Bariadi au Maswa, hela kubwa huingia pamba inapouzwa katikati ya mwaka. Mapinduzi ni Januari. Katikati hapo kuna miezi sita ya misiba, harusi, simu za ndugu na vijiwe.

Halafu Januari yenyewe ni noma. Ni mwezi wa sare, madaftari na michango ya shule, na shambani palizi inasubiri. Baba anayepanda basi kwenda kuangalia mpira huku mtoto amekaa nyumbani kwa kukosa sare atarudi na kesi ambayo hata refa wa FIFA hawezi kuimaliza. Mafungu yawe mawili toka siku pamba inapouzwa: la shule kwanza, la safari baadaye. Kama la pili halijatosha hadi Novemba, safari isogezwe mwakani. Bahari haihami.

Mashabiki wengi Kanda ya Ziwa tayari wana mfumo wa kufaa: vikoba na michezo ya kupokezana. Kundi la watu sita linaloweka kidogo kila wiki lina nguvu kuliko mtu mmoja anayesubiri bahati. Na sita ni idadi nzuri kisiwani, kwa sababu boti ya kwenda kwenye matumbawe mara nyingi hukodishwa nzima. Mkiwa wawili mnalipia viti vya hewa.

NJIA YA KUFIKA

Lamadi ina bahati ya kuwa njia panda. Barabara moja inaiunganisha na Mwanza na Musoma, nyingine inakwenda Bariadi, Maswa na kuelekea Shinyanga. Kutoka hapo kuna njia tatu za kufika Dar.

Ya kwanza ni basi moja kwa moja, rahisi kwa mfuko na ngumu kwa mgongo. Ya pili ni kwenda Mwanza na kupanda ndege. Ya tatu imekuja mwaka 2024: basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR hadi Dar. Anayechagua hii alale Dodoma usiku mmoja au ahakikishe basi linafika kabla ya treni, maana treni haisubiri basi lililochelewa mizani.

Dar hadi Unguja ni boti ya kasi ya takribani saa mbili. Beba kitambulisho. Watanzania wana nauli yao kwa shilingi, tofauti na wageni. Wakati wa sherehe za Mapinduzi, Januari 12, boti hujaa, kwa hiyo tiketi ikatwe mapema, kwenye ofisi ya kampuni na siyo kwa kijana anayekukimbilia getini.

Ukishakaa, angalia majaketi ya kuokolea yako wapi. Watu wa Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa sana juu ya hili. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 200. Zanzibar nao wana makovu yao, Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012. Chombo kikionekana kimejaza kupita kiasi, subiri kingine. Kukosa kipindi cha kwanza siyo msiba.

MWEZI WA DAGAA, MWEZI WA BAMVUA

Hapa ndipo mtu wa Lamadi ana faida asiyoijua. Mvuvi wa dagaa Ghuba ya Speke anaishi kwa kalenda ya mwezi. Giza likitanda, taa zinawashwa na dagaa wanakuja. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika.

Pwani nao wanaishi kwa mwezi huohuo, ila kwa sababu nyingine. Ziwa halijai na kupwa kila siku kwa kiwango cha mtu kukiona. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya siku, na kila siku ratiba husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inayoweza kufika mita 4 Zanzibar. Mwezi ukiwa nusu kunakuwa na maji mafu, mabadiliko ni madogo.

Sasa angalia mtego. Siku ambayo mvuvi wa dagaa anapata likizo, yaani mwezi mpevu, ndiyo siku ya bamvua. Na Zanzibar, siku za bamvua maji hupwa kabisa majira ya saa 4 asubuhi na kujaa majira ya saa 10 jioni. Ukifika Paje au Jambiani saa 4 asubuhi na miwani yako, utakuta bahari imeondoka. Utaona mchanga, mashamba ya mwani, kinamama wakifanya kazi zao, na maji yako kule mbali. Yakirudi jioni, wewe unatakiwa Amaan.

Wiki moja baadaye mambo yanageuka. Siku za maji mafu maji hujaa karibu na saa 4 asubuhi, na mikondo huwa mipole zaidi. Asubuhi unaingia baharini, mchana unakula na kupumzika, jioni unavaa jezi. Kwa shabiki hiyo ndiyo ratiba tamu. Kwa hiyo ukipata tarehe za mechi, kitu cha pili cha kufungua ni kalenda ya mwezi. Kama tarehe zimeangukia bamvua, usighairi, badilisha kituo tu.

Januari ina faida nyingine. Ni msimu wa kaskazi, upepo wa Desemba hadi Februari, maji ya vuguvugu na mara nyingi yanaonesha vizuri chini. Masika ya Machi hadi Mei hutibua maji, na kusi ya katikati ya mwaka hupiga sana upande wa mashariki. Waliokwenda kuona CHAN pale Amaan Agosti 2025 walikutana na kusi. Waliokwenda fainali ya Simba walikuta mkia wa masika.

WAPI PA KUINGIA

Kaskazini, Nungwi na Kendwa: Hapa maji hayakimbii mbali kama mashariki, unaweza kuogelea karibu saa zote. Panafaa kwa siku za bamvua na kwa wanaojifunza. Daladala namba 116 inakwenda Nungwi kutoka mjini. Hesabu muda wa kurudi, maana ukichelewa daladala ya mwisho utaisikiliza mechi redioni.

Mnemba: Kisiwa kidogo mbele ya Matemwe, na matumbawe yake ndiyo yenye jina kubwa zaidi Unguja. Kasa wapo, pomboo hupita, samaki wa rangi ni kama jukwaa la Mkapa siku ya watani wa jadi. Panafikiwa kwa boti, ni eneo la hifadhi na lina kiingilio. Mkondo unaweza kuwa na nguvu, kwa hiyo siyo pa kujifunzia.

Changuu: Kisiwa cha kobe wakubwa, karibu nusu saa kwa boti kutoka Mji Mkongwe. Kwa mtu mwenye mechi jioni ndicho chepesi kuliko vyote, unakwenda asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Chumbe: Hifadhi ya bahari tangu 1994, yenye zaidi ya aina 400 za samaki na mnara wa taa wa mwaka 1904. Mitungi hairuhusiwi, ni miwani na mrija tu. Idadi ya wageni inadhibitiwa na bei yake ni ya juu, siyo ya mfuko wa vikoba, lakini ndipo panaonesha bahari ikilindwa inakuwaje.

Kote huko utakutana na papasi, vijana wanaotafutia wageni boti na vyumba. Wengine ni waungwana, wengine wanakukadiria kwa macho. Mpangane bei nchi kavu, na muulize imejumuisha nini: boti, miwani, mrija, jaketi, kiingilio cha hifadhi na chakula. Nahodha mtu mzima anaanza kusalimiwa shikamoo, bei baadaye. Pwani adabu inalipa.

ZIWA SIYO BAHARI

Watoto wengi wa Lamadi wamekua wakikatazwa kuoga ziwani, na kwa sababu za haki: mamba, viboko na kichocho. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuzaliwa mita chache kutoka ufukweni na asijue kuogelea. Huyo ndiye wa kufikiriwa kwanza kwenye kundi.

Habari njema ni kwamba chumvi inabeba. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa, mwili unaelea kirahisi zaidi. Konokono wa kichocho nao ni wa maji baridi, hawaishi baharini. Lakini bahari ina mambo yake: mikondo, yavuyavu wanaowasha, na viumbe weusi wenye miiba mirefu kama sindano wanaokaa kwenye mawe. Viatu vya mpira miguuni siyo urembo.

Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni, likazwe vizuri na lijaribiwe kwenye maji ya kiunoni. Mazoezi yafanyike hapohapo: kuzamisha uso, kupumua kwa mdomo kupitia mrija, kutoa maji yakiingia kwenye miwani bila kupagawa. Nusu saa ya mazoezi haya ina thamani kuliko kupelekwa Mnemba na kugundua katikati ya bahari kwamba hujui kupumua. Aliyekwama kwenye mazoezi abaki ufukweni siku hiyo, na wenzake wasimcheke. Kocha hapangi mchezaji majeruhi kwa sababu ya aibu.

Ndani ya maji ingieni wawili wawili, kama mabeki wa kati, kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi. Pombe ni baada ya bahari. Usisimame juu ya matumbawe, ni viumbe hai na vinachukua miaka kukua. Jezi ya zamani ivaliwe majini, kwa sababu anayeelea kifudifudi saa nzima jua linamchoma mgongo bila kujua. Ukitoka, jifunge kanga au vaa suruali kabla ya kupita kijijini. Kukata mitaa ya Zanzibar kifua wazi eti kwa sababu timu imeshinda ni kuwakosea wenyeji.

MTUNGI NA SAFARI YA KURUDI

Wapo watakaotaka zaidi ya mrija, wazame na mtungi wa hewa. Nungwi, Kendwa na Matemwe kuna vituo vya kuzamia vyenye walimu. Kuna kuonjeshwa kwa siku moja chini ya mwalimu, na kuna kozi kamili ya siku tatu au nne. Mwenye pumu, tatizo la moyo au masikio aseme mapema.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni la kurudi. Ukizama na mtungi, mwili hubaki na gesi inayohitaji muda kutoka. Ukipanda juu haraka gesi hiyo inaweza kutengeneza mapovu mwilini na kukuumiza vibaya. Ndiyo maana walimu hushauri kusubiri saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege, hasa kwa aliyezama zaidi ya mara moja.

Kwa mtu wa Lamadi siyo ndege tu. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1,134. Kwa hesabu za bahari, nyumbani ni mlimani. Anayezama asubuhi, akapanda boti mchana na treni ya jioni kwenda Dodoma, naye amepanda juu haraka. Mtungi uwe siku za mwanzo za safari, siku ya mwisho iwe ya Mji Mkongwe, Darajani na Forodhani. Aliyetumia miwani na mrija tu, akiwa juu ya maji, hana shida hiyo.

RATIBA YA SIKU NNE

Chukua mfano wa kundi la watu sita, mechi iko Amaan usiku wa siku ya tatu, na mwezi uko nusu.

Siku ya kwanza: Boti ya asubuhi kutoka Dar, gesti mjini, kupumzika. Jioni Forodhani, urojo na mishkaki.

Siku ya pili: Nungwi mapema. Mazoezi ya miwani kwenye maji ya kiunoni, kisha kuingia taratibu. Anayetaka mtungi, ndiyo siku yake.

Siku ya tatu: Changuu asubuhi maji yakiwa yamejaa. Saa 7 mchana kila mtu awe mjini. Usingizi kidogo, halafu Amaan.

Siku ya nne: Manunuzi Darajani, boti ya mchana, safari ya bara.

Dakika za nyongeza nazo ziwe na bajeti. Mapinduzi lina tabia ya kushangaza: Januari 2024 Mlandege waliifunga Simba 1-0 kwenye fainali na kutetea ubingwa. Timu yako inaweza kutolewa mapema ukiwa umelipia siku nne. Mwenye mpango wa bahari hapati hasara yote.

KISIWA BILA TIKETI YA FIFA

Kuna kitu kingine shabiki atakiona akiwa majini Unguja. Zanzibar ina watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, zaidi ya mara kumi ya Curaçao. Lakini haiwezi kwenda Kombe la Dunia kwa jina lake, siyo mwanachama wa FIFA. Machi 2017 CAF waliipa uanachama kamili, Julai mwaka huohuo wakaufuta. Bonaire iko hivyohivyo kule Caribbean: inacheza mashindano ya Concacaf, FIFA hawaitambui. Kwa Zanzibar Heroes, Kombe la Mapinduzi na Chalenji ndiyo majukwaa makubwa yaliyobaki, na ndiyo maana kelele za Gombani Januari 2025 zilikuwa vile.

Lamadi wamezoea kuwaona watalii wakipita. Magari yao hukunja Ndabaka kuingia Serengeti, wakitoka Ziwa, wakielekea kwa nyumbu. Wengi wao safari yao huishia Zanzibar. Wenyeji wanaobaki barabarani wana uhuru wa kwenda pia, kwa nauli ya shilingi, na AFCON 2027 inayoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda itawapa wengi sababu ya kusafiri.

Kundi linaloanza leo lina kazi tatu kabla ya kuchangia hata senti: kuhesabu nani hajui kuogelea, kuandika fungu la shule la kila mmoja, na kumpata mvuvi mmoja wa dagaa awasomee mwezi.